Karatasi ya Moyo Haitiwi Plastiki

Kama unasoma haya huku kifua kinakubana na jasho jembamba linakutoka, weka chini hapo hapo, mwite mtu, uende hospitali. Usioge kwanza, usitafute nguo ya kutokea, usimngoje mume amalize chai yake. Ukitoka huko salama utanikuta hapa hapa, nami nina mengi ya kusema, na mengine si ya kupendeza.

Naandika wakati huu wa kipupwe, baridi kidogo ya asubuhi, na Alhamdulillahi naweza kutoka kitandani hadi jikoni bila kusimama katikati nikashika ukuta. Pale kliniki ninapokwenda kila baada ya wiki sita kuna wagonjwa wapya, na wote huniuliza maswali yale yale, ilianza vipi, ulihisi nini, walikupima nini. Nimechoka kusimulia. Nimeona niandike mara moja, atakaye asome.

Mimi ni mwanamke wa Ukunda, miaka hamsini na tatu, dobi wa hoteli moja ya Diani. Shuka, taulo za bwawani, vitambaa vya meza vyenye madoa ya mvinyo, hayo ndiyo maisha yangu. Nina hasira za karibu. Nilikuwa nazo kabla ya kuugua, kwa hiyo mtu asije akanisingizia kwamba ni moyo.

Ilinianza wakati wa vuli, asubuhi ya mvua. Nilikuwa kwenye ile mashine kubwa ya kupiga shuka pasi, mimi upande huu, mwenzangu Nduku upande wa pili. Nikasikia taya linaniuma, kisha mgongo, katikati ya mabega, kisha hapa juu ya tumbo kama niliyekula nikavimbiwa. Kwenye tamthilia mtu hushika kifua akaanguka kwa kishindo. Mimi sikushika kifua wala sikuanguka. Nilikunja shuka zangu nikisema moyoni kwamba ni zile mbaazi na mahamri ya asubuhi. Huku kwetu kila kitu ni asidi. Mtu akiumwa na tumbo ni asidi, akiumwa na kichwa ni asidi, na naamini akigongwa na tuktuk kuna mtu atakayesema ni asidi.

Aliyeniokoa siku ile ni Nduku. Ni mwanamke wa Ukambani, ameishi pwani miaka ishirini, Mkristo wa kusali mpaka kwenye foleni ya mshahara, na ana mdomo usiopumzika. Aliniangalia akasema uso wangu umekuwa rangi ya majivu. Nikamwambia aangalie shuka. Hakuniangalia tena, alikwenda moja kwa moja kwa meneja kuomba gari, akampigia na mume wangu simu.

Mume wangu, Bakari, alitaka nipitishwe nyumbani kwanza. Alikuwa karani wa shule miaka thelathini kabla ya kustaafu, na karani hafanyi jambo bila ya kuchukua kadi na vitambulisho. Hapo nyumbani nikamkuta wifi yangu Mwanasiti, dada yake, amekuja kutoka Msambweni kututembelea. Mwanasiti aliniona nimejikunja, hakuuliza, akanilaza akanipaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, kifua kizima, mpaka chini ya maziwa na mbavuni. Alinipaka kwa mapenzi, sikatai. Nduku akasimama mlangoni akisema kwa sauti kwamba gari ya hoteli haikuja kungoja mtu akandwe. Nusu saa nzima ilipotea hivyo.

Tukavuka feri, tukafika kwenye hospitali ambayo sitaitaja kwa sababu haikunikosea kitu. Hapo ndipo nilipokutana na hiki kipimo kinachoitwa ECG, nami nakiita kipimo cha umeme wa moyo, kwa kuwa ndivyo nilivyoelezwa. Hulazwa chali, ukabandikwa vibandiko vidogo kifuani, mikononi na miguuni, kila kimoja kina waya wake, na mashine hutema karatasi ya rangi ya waridi yenye mistari ya juu na chini. Hakiumi. Usikiogope. Kinachouma ni kuvua nguo mbele ya kijana ambaye ungeweza kumzaa.

Sasa vibandiko havikushika. Muuguzi anabandika, kinateleza. Anabandika, kinaanguka shingoni. Chumba kizima kinanukia karafuu kama jikoni siku ya pilau. Karatasi ya kwanza ilitoka mistari imevurugika kama mtoto wa chekechea aliyepewa kalamu. Ya pili vivyo hivyo. Yule kijana akauliza, kwa adabu, nimepakwa nini, nami nikatamani kitanda kipasuke niingie ndani. Wakanifuta kwa pamba na spiriti, tabaka baada ya tabaka, na kila walipofuta wakati ulikuwa ukienda. Karatasi ya tatu ndiyo iliyotoka safi. Daktari aliisoma akiwa amesimama. Mimi sikujua kusoma mistari, lakini uso wa mtu najua kuusoma, na ule uso ulibadilika. Akasema ni mshtuko wa moyo, tena si wa dakika hii, umeanza tangu asubuhi.

Kwa hiyo neno la kwanza ninalokuomba ni hili. Mtu akiumwa na kifua usimpake kitu. Si karafuu, si habasoda, si ile dawa ya kuchua ya kopo jekundu. Mapenzi yako mpe kwa kumtafutia gari.

Nililazwa siku tisa. Wakanidunga sindano za tumboni mpaka tumbo likawa na mabaka ya zambarau. Miguu ikavimba, viatu nilivyoingia navyo havikunitosha kutoka. Sauti yangu ikawa ndogo, nikiita mtu anafikiri nanong'ona, na kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu kubwa. Niliona wagonjwa wakiletwa na wengine wakifunikwa shuka, na mimi dobi nikawa naangalia zile shuka zilivyokunjwa vibaya ili nisifikirie kilicho chini yake.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alinipimia tena umeme wa moyo akanipa karatasi mkononi. Akanieleza polepole, Bakari akisikiliza. Alisema moyo wangu umepona lakini umebaki na kovu, na kovu lile limefanya mstari fulani uinuke, nao hautashuka tena maisha yangu yote. Daktari asiyenijua akiuona atadhani nina mshtuko mpya. Kwa hiyo karatasi hii niende nayo popote, nimwonyeshe, alinganishe ya zamani na ya siku hiyo. Akamaliza kwa kumwambia Bakari, "Mzee, itunzeni vizuri sana hii."

Karani akaambiwa atunze karatasi. Ungelikuwepo ukauona uso wake.

Nduku alikuwa amekuja kunitazama siku ile. Wakati nikifungiwa mabegi aliichukua ile karatasi, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaipiga picha kwa simu. Nilidhani anaitazama tu. Kumbe aliituma kwenye kundi la maombi la kanisani kwao, akaituma na kwenye kundi la wafanyakazi wa hoteli, na maandishi chini yake kwamba huu ndio moyo wa dada yetu, tumwombee. Nilikuja kujua wiki mbili baadaye, nilipokwenda Kona ya Musa kununua mchicha. Muuza mboga ambaye hata jina langu halijui aliniambia pole, ameuona moyo wangu, mistari inatisha. Wallahi nilisimama pale na mchicha mkononi nimekauka. Mimi ambaye nguo yangu ya ndani siianiki uani, moyo wangu umezungushwa Ukunda nzima.

Nilimpigia Nduku nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Nikaacha kuzungumza naye. Vuli ikaisha, kaskazi ikaingia, mwaka ukageuka, nami sijamwambia hata habari ya asubuhi. Alituma salamu kwa watu, nikazirudisha kwa watu hao hao.

Kaskazi ile sina hamu nayo. Joto linakukaba, na ugonjwa wenyewe ni wa kukaa. Nikakaa kwenye benchi za kliniki mpaka nikazijua kwa majina yangu mwenyewe, ile inayoyumba, ile yenye msumari, ile iliyo chini ya feni isiyozunguka. Ukikaa kwenye benchi ya moyo watakujia watu kukufariji. Mmoja atakuambia mjomba wake alikuwa hivi hivi kama wewe, akawa anaendelea vizuri kabisa, kisha akafa akifunga kamba za viatu. Kwa nini mtu anasema hivyo sijui. Nilianza kujifanya nimelala.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Mwanasiti alikuja kupika mwezi mzima, chakula hakina chumvi wala ladha, na nikijua anatia ya kwake pembeni. Bakari hakuniacha niinue hata kikombe. Usiku alilala ukingoni kabisa mwa kitanda, kama mgeni aliyeazimwa nafasi, eti asije akaniumiza. Miaka ishirini na minane ya ndoa, nikawa yai. Nilimfokea, akanyamaza. Nilitamani anijibu, hata mara moja, nijue bado mimi ni mimi.

Mara moja nilimuuliza ile karatasi iko wapi. Akaniambia iko kwenye faili, imetunzwa, kisha akainuka kwenda kufunga bomba ambalo lilikuwa limefungwa. Sikutilia maanani. Faili la Bakari ni jambo linalojulikana, lina cheti chetu cha ndoa, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao, na risiti ya friji iliyokwisha kufa. Yote yametiwa plastiki. Kuna duka pale Kona ya Musa lenye mashine ya kutia karatasi plastiki kwa moto, zikatoka ngumu na zinang'aa, na Bakari ni mteja wao wa kudumu.

Ramadhani ikafika. Daktari aliniambia nisifunge mwaka huu, nina ruhusa ya dini na ya dawa. Nikaitikia vizuri. Nikafunga. Sitajitetea sana. Tangu nilipovunja ungo sijapitwa na Ramadhani ila kwa ruhusa zile za wanawake, nami niliona nikila mchana ndio nimekubali kwamba nimekuwa mgonjwa wa kudumu. Bakari aliponiwekea chakula mchana nilimwambia nitakula baadaye, nikawamwagia kuku wa jirani. Vidonge vyangu vyote tisa nikavimeza kwa mkupuo wakati wa daku, mara nyingi na chai tupu kwa kuwa hamu ya kula sikuwa nayo. Na magoti yaliponisumbua nikanunua dawa ya maumivu dukani nikaongeza juu yake. Kumi la mwisho lilipokaribia, tumbo likawa linachoma, na choo changu kikawa cheusi kama masizi. Sikumwambia mtu. Nitamwambia nani, na nitaanzia wapi.

Ikawa Jumapili. Nilikuwa Msambweni kwa Mwanasiti, tumekusudia kufuturu pamoja, Bakari aje alasiri kutoka Ukunda. Baada tu ya adhuhuri nikasikia maumivu kwenye chembe cha moyo, makali, yakapanda juu kifuani. Jasho likanitoka, macho yakaingia giza. Mwanasiti akaninyanyua, na mkono wake ukawa unaelekea kwenye chupa ya mafuta. Nikamwambia akiigusa ile chupa nitakufa kwa makusudi. Akaiacha, akaita tuktuk.

Hospitalini nilipokewa na daktari kijana wa huku huku pwani, ambaye aliniambia "Shikamoo mama" huku ananibandika vibandiko. Safari hii vilishika. Karatasi ikatoka safi mara ya kwanza, akaishika, na nikaona ule uso tena. Nilimweleza haraka kwamba niliwahi kupata mshtuko wakati wa vuli, na kwamba nina kovu. Akavuta kiti akakaa. Hili lilinitisha, maana wanaokaa wana jambo.

Akanieleza kwa utulivu. Mstari wangu umeinuka. Inaweza kuwa ni mshipa mwingine umeziba sasa hivi, na kama ni hivyo anatakiwa anipe mara moja dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kuwa kila dakika moyo unakufa kidogo. Au inaweza kuwa ni lile kovu la zamani, mstari ulikuwa juu tangu vuli, na maumivu yana sababu nyingine. Hapo dawa ile haina faida, ina hatari tu, kwani huweza kumfanya mtu avuje damu ndani bila kuzuilika. Kisha akauliza lile swali.

"Mama, unayo karatasi ya zamani?"

Nikamwambia ninayo. Nilisema kwa kujivuna, kama mwanafunzi aliyefanya kazi ya nyumbani. Mwanasiti akampigia Bakari, naye akauliza mara mbili ni karatasi ipi, kisha akasema anakuja nayo. Daktari akasema wakati tunamngoja atanipimia tena na tena, kwa sababu mshtuko mpya mstari wake husogea na kovu hutulia pale pale, ila hilo lataka muda na muda ndio asiokuwa nao. Akachukua na damu kupeleka maabara. Akaipigia ile hospitali ya ng'ambo ya feri, ikaita weee. Mwisho akapokea mlinzi, akasema ofisi ya mafaili hufunguliwa Jumatatu.

Kisha akaniuliza kama nina vidonda vya tumbo, kama nimeona damu popote, kama choo kimebadilika rangi. Mwanasiti alikuwa amesimama kichwani kwangu na maswali tele usoni. Nikasema hapana. Naona aibu kuandika, lakini nilisema hapana.

Bakari aliingia ametota jasho, na bahasha ya kaki chini ya kwapa. Daktari akanyoosha mkono. Bakari hakumpa, alinitazama mimi kwanza. Kisha akatoa kipande cha plastiki, kimekatwa vizuri pembe zote nne, kinang'aa, na ndani yake karatasi nyeusi tititi. Hakuna mstari wala mraba wala jina langu. Daktari akaigeuza nyuma, ikawa nyeusi vile vile.

Zile karatasi za moyo, na hili ulijue na umwambie jirani, haziandikwi kwa wino. Huandikwa kwa moto. Mashine huchoma mistari kwenye karatasi yenyewe, na ukiipitisha kwenye moto mwingine huungua yote. Bakari aliipeleka Kona ya Musa wiki ile ile niliyotoka hospitali, mashine ikaimeza ya waridi ikaitoa nyeusi. Mwenye duka akaomba radhi, akaikata pembe, akampa. Naye akaiweka kwenye faili pamoja na cheti cha ndoa, akajikausha miezi minne.

"Nilijua utanifokea," aliniambia.

"Ningekufokea, ndiyo," nikamjibu. "Ungefokewa siku moja ikapita."

Mashine iliyokuwa ikihesabu mapigo ikaanza kulia. Daktari akanishika bega. Nilikuwa na maneno mengi yamepanga foleni kooni, miaka yote ya faili na plastiki, nikafungua kinywa niyatoe. Nikamwona Bakari amesimama na ile bahasha tupu, mtu mzima mwenye mvi. Na mimi nimelala pale na siri yangu tumboni inavuja. Nikaona haya. Nimekasirika mpaka basi, na nimeona haya, vyote pamoja.

Nikamgeukia daktari nikamwambia nimesema uongo. Nafunga tangu siku ya kwanza, nameza dawa na tumbo tupu, na ninameza za magoti juu yake, na choo changu siku ya tatu leo ni cheusi. Nilisema mbele ya Mwanasiti, mbele ya Bakari, na mbele ya mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye aligeuza shingo kunisikiliza vizuri. Mwanasiti akasema subhanallah kwa sauti ndogo. Bakari akakaa chini, si kwenye kiti, sakafuni.

Daktari alifumba macho kidogo, na namshukuru hakunifokea. Akasema sasa ile dawa ya kuyeyusha damu hawezi kunipa kabisa. Ila bado lazima ajue. Kama mshipa umeziba leo, itabidi anikimbize ng'ambo ya feri ukafunguliwe kwa mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, na njiani nitapewa dawa za kuilainisha damu, tuombe Mungu tumbo listahimili. Na kama ni kovu, dawa hizo hizo ndizo zitakazoniua, maana ninavuja tayari. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshawashwa nje, nalisikia. Alihitaji kuiona karatasi ya vuli, na karatasi ya vuli ilikuwa nyeusi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Nduku.

Nataka niseme kwamba nilichukua simu mara moja, lakini si kweli. Nililala nikiangalia dari kwa muda, na moyo wenyewe ukiwa hatarini, kwa sababu sikutaka kumpigia. Nilitaka kuwe na njia nyingine. Hivyo ndivyo kiburi kilivyo, hakijali kama unakufa. Kisha nikamwambia Mwanasiti atafute jina lake.

Alipokea mlio wa pili. Nyuma yake nilisikia watu wanatoka kanisani. Nikamwambia bila salamu, "Nduku, ile picha."

Hakuniuliza picha gani. Hakuniuliza kwa nini leo. Alisema tu, "Iko, mama. Sikuwahi kuifuta," na kabla sijakata simu, picha ikaingia.

Ilikuwa imepigwa kombo, na kidole gumba chake kilichopakwa rangi nyekundu kimeziba kona ya chini. Juu ya mistari yangu kulikuwa na kivuli cha nondo za dirisha. Lakini tarehe ilikuwepo, jina langu lilikuwepo, na mistari yote ilikuwepo ila ile ya chini ya kidole. Daktari akaikuza kwa vidole, akaiweka kando ya karatasi ya siku ile, akaenda mstari kwa mstari, kilima kwa kilima. Yule wa kitanda cha pili alijiinua kwa kiwiko apate kuona.

"Ni ule ule," akasema. "Haujasogea."

Akatoka kwenda kuzima gari la wagonjwa.

Akanipimia tena mara mbili na mistari ikatulia pale pale, na majibu ya maabara yakaja kusema vivyo hivyo, moyo haukuwa na jeraha jipya. Kilichokuwa kinaniua ni tumbo. Nikapewa mifuko miwili ya damu, nikasimamishiwa baadhi ya dawa, nikaletewa uji mwepesi vuguvugu, na magharibi wenzangu walipokuwa wakifuturu mimi nilikuwa nimeshakula tangu alasiri, nikalia kidogo kisha nikanyamaza. Bakari alifuturu kwa tende moja na maji kwenye benchi ya nje. Mwanasiti aliniambia baadaye kwamba alikaa na ile plastiki nyeusi mapajani mpaka mlinzi alipomwambia aende nyumbani, na hakwenda.

Nduku alikuja Jumanne na matunda ambayo sikuruhusiwa kuyala. Nikamwambia asidhani nimesahau kwamba alinitangaza. Akasema kundi la maombi bado lina ile picha na wengine huiombea mpaka leo, akacheka, akaanza kuyala matunda yake mwenyewe. Nikamwambia ahsante. Nilisema kwa sauti ya kununa, lakini nilisema, naye alisikia, kwa sababu aliacha kutafuna.

Sasa wewe mwenzangu uliyetoka hospitali na karatasi yako ya moyo, chukua simu uipige picha leo, si kesho. Itume kwa mume, kwa mtoto, kwa dada, kwa mtu mwenye mdomo mkubwa kuliko wote unaowajua, huyo hasa. Usiitie plastiki, usiiweke juani, usiiweke karibu na jiko. Daktari akikuuliza choo chako kina rangi gani, mwambie rangi. Na kama umeambiwa usifunge, usifunge. Mimi Ramadhani ile niliilipa kwa kulisha maskini, kama walivyonielekeza wajuzi wa dini, na Mungu hakunikasirikia kama nilivyojikasirikia mwenyewe.

Bakari amerudi katikati ya kitanda. Na siku hizi hunijibu nikimfokea, si sana, lakini hunijibu. Faili lake lipo, ila ameapa hatatia plastiki kitu kingine, na nimemwona akipita lile duka la Kona ya Musa uso ameuelekeza ng'ambo ya barabara. Ile karatasi nyeusi nilimwambia aitupe. Hakuitupa.

Wiki iliyopita tulikuwa kliniki, kwenye ile benchi inayoyumba, akatoa simu kutazama saa. Nikaona picha iliyoko mbele ya simu yake. Wazee wenzake huweka wajukuu, au Makka, au timu ya mpira. Yeye ameweka moyo wangu, kombo vile vile, na kidole gumba cha Nduku chekundu kimeziba kona. Nikamwambia angalau akikate kile kidole. Akasema hawezi, daktari aliisoma hivyo hivyo, akairudisha simu mfuko wa shati, upande wa kushoto, akafunga na kifungo.